Gari Ikija Usiku, Namba Ionekane

Mtaani kwetu gari huhukumiwa kwa saa. Pitisha Subaru saa tisa mchana pale soko ya Jericho na watoto watakukimbilia wakitaka uingurumishe kidogo. Pitisha hiyo hiyo saa tano usiku, polepole, vioo vyeusi vimepandishwa, uone vile stori zinakatika. Hakuna mtu atasema kitu. Watu watacheki namba kwanza, halafu vioo, halafu msee mmoja ataamka aseme "wacha nifike keja," na alikuwa ameketi hapo tangu saa moja.

Nataka tuongee kuhusu hiyo hofu, kwa sababu majuzi klabu moja ya magari hapa mtaani iliniita niwapigie picha kwa drive yao ya jioni, na tukabishana kuhusu namba za gari hadi watu wakaanza kuitana majina kamili. Mabishano yenyewe nitayafikia. Lakini huwezi kuyaelewa bila historia, na historia yetu na gari za usiku ni ndefu kuliko Subaru. (Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kusoma sikuacha, kwa hivyo mnivumilie.)

Tuanzie Pumwani, miaka ya 1920. Huo ndio mtaa ambao serikali ya kikoloni iliutenga rasmi ili Waafrika wa Nairobi wakae huko na wasionekane kwingine. Wenyeji walikuwa na hofu moja kubwa: wazimamoto. Kwa maana ya kawaida ni watu wa kuzima moto, wale wa gari nyekundu. Kwa stori za usiku walikuwa kitu kingine. Walizunguka na gari, wakikupata peke yako wanakubeba, wanakupeleka mahali, wanakutoa damu. Pwani waliitwa mumiani. Mwanahistoria Mmarekani Luise White alihoji wazee Nairobi miaka ya 1970, wakiwemo akina mama wa Pumwani, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima juu ya hizi stori, vile zilisambaa Kenya, Uganda hadi Congo. Kitu napenda kwake ni kwamba hakuwacheka. Hakuuliza "kweli mlitolewa damu?" Aliuliza kwa nini watu wengi hivyo, sehemu tofauti, walisimulia kitu kimoja.

Jibu langu mimi ni rahisi. Fikiria wewe ni mwanamume Mwafrika Nairobi wakati huo. Ukiwa umepita miaka 16 lazima ubebe kipande, kile kikaratasi cha alama za vidole na jina la tajiri wako, kwenye kikopo cha chuma shingoni. Ukitaka kutembea mjini usiku, unatakiwa uwe na kibali. Gari ni ya Mzungu au ya serikali, hakuna binamu yako ana gari. Sasa gari inasimama kando yako usiku, mlango unafunguka, hakuna anayekuambia kwa nini. Ungefikiria nini? Damu ilikuwa njia ya kusema kwamba kuna watu huchukuliwa na harudi mtu kueleza.

Halafu 1953. Hapa ndipo stori inaniuma kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa rally, napenda Safari Rally kama kila mtu.

Safari ya kwanza kabisa ilianza tarehe 27 Mei 1953. Iliitwa East African Coronation Safari, na ilikuwa ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana, matope, vumbi, madaraja yanayoelea. Wazo lilitoka kwa Eric Cecil na wenzake, walowezi waliochoka kuzunguka saketi ile ile kama ng'ombe wa kupura nafaka. Idea safi, lazima ukubali. Lakini cheki tarehe. Hali ya Hatari, ile wazee wetu huita Imajensi, ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Kwa hivyo ilikuwa imemaliza miezi saba. Kuna mtu alikuwa anaendesha gari usiku kucha kwa raha, barabara nzima ni yake, na kuna mtu wa Bahati au Shauri Moyo ambaye kutoka tu nje kwenda choo cha jumuiya giza likiingia ilikuwa kucheza na maisha. Nchi moja, usiku mmoja.

Miezi kumi na moja baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, kabla ya jua kutoka, Waingereza wakaanza Operesheni Anvil. Askari na polisi karibu 25,000 wakazingira Nairobi, na Eastlands ndiyo ilibanwa zaidi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani wakaketishwa chini, halafu wakapitishwa mbele ya gakunia, yaani mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitingisha kichwa, umeenda. Malori yalibeba watu hadi kambi ya Lang'ata, na kutoka hapo makumi ya maelfu wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Msafara wa kwanza mkubwa wa magari ambao Eastlands iliushuhudia haukuwa wa harusi.

Jericho yenyewe haikuwepo bado. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 50 kuingia miaka ya 60, na hata jina la Ofafa Jericho limebeba hicho kipindi: Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, aliuawa 1953. Jirani zetu wa Mbotela nao wamebeba jina la Tom Mbotela, aliyeuawa 1952. Tunasema "niteremshie Mbotela" kila siku bila kufikiria kwamba tunataja marehemu.

Na ukitaka kujua waliotujengea walitufikiria vipi, angalia nyumba. Kuna uwanja, kuna soko, kuna shule, kuna nyasi za kuanikia nguo. Gereji hakuna. Mpangaji wa nyumba ya council hakutarajiwa kumiliki gari, labda baiskeli. Wale wa kutarajiwa walikuja baadaye, miaka ya 70, wakajengewa Buruburu na pa kuegesha mlangoni. Hadi leo Jericho tunaegesha kati ya nyumba na nyumba, kwa kona, juu ya mtaro, mbele ya duka la wenyewe. Klabu ya magari ya Jericho ni kundi la watu wenye gari wanaoishi kwa ramani iliyosema hawatakuwa na gari. Hiyo peke yake kwangu inatosha kupiga picha.

Mapenzi yalianza kwa waya. Muulize mwanamume yeyote aliyekulia Eastlands miaka ya 70 au 80, alikuwa na gari ya waya, tairi za kifuniko cha dawa ya viatu, usukani mrefu wa kuendesha ukiwa umesimama. Hizo ndizo gari zetu za kwanza za mchana. Wakati huo Safari Rally ilikuwa imebadilika sura. Joginder Singh, mtoto wa fundi kutoka Kericho, alishinda 1965 na Volvo, akarudia 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta akashinda mara tano, nne mfululizo kuanzia 1979. Peugeot 404 pekee ilikuwa imeshinda mara nne miaka ya 60. Babu yangu ana picha ameegemea 404 nyeupe, mguu mmoja mbele, mkono kwa boneti kama mwenyewe. Si yake. Anakubali si yake. Hajui hata ilikuwa ya nani, ilikuwa tu imeegeshwa tao na mpiga picha akamwambia simama hapo. Kila familia Kenya ina hiyo picha. Kule Likoni miaka ya 90 wapiga picha wa feri walikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege na meli, ukilipa unasimama mbele, unatuma nyumbani. Kwa hivyo anayecheka vijana wa Insta wanaopiga picha na gari ya rafiki, amuulize babu yake kwanza.

Matatu nitazipitia haraka, hiyo ni stori ya siku nyingine. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum, zikakua, Eastlands ikazipaka rangi na kuzitia muziki. Februari 2004 sheria za Michuki zikaleta laini ya manjano na kufuta michoro, halafu mwishoni mwa 2014 michoro ikaruhusiwa tena. Nganya ilitufundisha kwamba gari inaweza kuwa kitu cha kutazamwa, na mtu wa mtaa bila digrii anaweza kuitengeneza.

Sasa Subaru. Patrick Njiru alimaliza Safari ya 1994 nafasi ya nne na Impreza, Mkenya mweusi kwa gari ya bluu, na hiyo ilifanya watu wengi waamini hii gari ni yetu. 1997 Colin McRae akashinda nayo. Wakati huo huo soko lilikuwa limefunguliwa na mitumba za Japan zinashuka Mombasa. Gari iliyoshinda kwa TV, miaka michache baadaye unaipata kwa yadi, na spea unazipata Kirinyaga Road, ile watu bado huita Grogan. Na ule mlio! Injini ya boxer ina pistoni zilizolala, upande huu na upande ule, na mabomba ya ekzosi ya matoleo mengi ya zamani hayalingani urefu, ndiyo maana moshi unatoka kwa mdundo wa kuruka, du-du-du, kama mtu anagonga mlango.

Na si ndio shida? Kama mtu anagonga mlango.

Kwa sababu gari hiyo hiyo, kwa kuwa ina mbio na inashika barabara, ilipendwa na watu wengine pia. Machi 2020 kafyu ya korona ilipoanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye balkoni ya kwao Kiamaiko, hapo tu Eastlands. Hiyo kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, tarehe ile ile ya kutangazwa kwa Imajensi, na sidhani kuna mtu alipanga. Halafu ikaja Juni 2024. Baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha vijana walianza kuchukuliwa na wanaume wasio na sare, na ushuhuda mwingi ulitaja Subaru, nyingine bila namba, nyingine na namba zisizo zake. Kufikia Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu Juni. Ile stori ya wazimamoto, karibu miaka mia baadaye, ikarudi mtaani na injini ya boxer. Tofauti ni kwamba safari hii kuna mtu alihesabu.

Ndani ya hayo yote, sasa weka vijana wa Jericho na gari 14 Jumamosi jioni.

Tulikutana kando ya Camp Toyoyo saa kumi na moja na nusu. Impreza tano, Forester tatu, Legacy moja ya mzee wa klabu (ana miaka 34, wanamwita mzee), Fielder, Vitz, Demio mbili, na Nissan March ambayo mwenyewe ameipaka rangi ya kijani mwenyewe na inaonekana. Kila mtu alikuwa ameweka mafuta ya kujikaza, maana thao moja siku hizi haikupi lita sita. Fundi wa mkokoteni alisimama kuangalia. Vijana wa mpira walisimamisha mechi.

Picha za kwanza nilizipiga hapo hapo, kabla jua kushuka, gari zikiwa zimepangwa mbele ya kuta za nyumba za council. Walikuwa wanataka twende haraka kwa mataa ya tao, nikakataa. Kila mwaka tunasikia mipango ya kubomoa hizi estate za zamani na kujenga magorofa. Hizo kuta zikienda, mtu atatafuta picha za Jericho na atapata za kampeni na za mafuriko. Afadhali apate ukuta wenye rangi imebanduka, shosho ameketi kwa stuli, na Demio nyekundu mbele yake imeoshwa ikang'aa.

Mzee mmoja alitoka mlangoni akauliza, "Kijana, hizi gari ni za nani?" Nikamwambia, "Ni zetu, mzee. Za watoto wa hapa." Akazunguka polepole akiangalia namba moja moja, kama mwalimu anasahihisha madaftari. Alipomaliza akasema, "Basi sawa," akaenda kuleta kiti.

Saa kumi na mbili na nusu tukatoka. Jogoo Road, ambayo zamani ilikuwa Doonholm Road kabla ya kupewa jina la alama ya KANU, City Stadium, Landhies, Muthurwa, Haile Selassie, halafu tukapanda Upper Hill. Ukiifuata hiyo njia kwa ramani ya kikoloni unatoka sehemu ya Waafrika, unavuka ukanda wa reli, unapanda kwenye mlima wa maofisa Wazungu. Babu zetu waliipanda asubuhi kwenda kufagia na kupika, na jioni walitakiwa wawe wameshuka. Sisi tulikuwa tunaipanda jioni bila kazi yoyote huko. Sijui kama kuna mtu mwingine kwa msafara alifikiria hivyo, wengi walikuwa wanabishana kwa simu ya upepo nani ameachwa na mataa.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Tochi, leseni, bima, sawa. Swali lilikuwa moja: "Mnaenda wapi nyote?" Chair wa klabu akajibu ukweli: "Hatuendi mahali, afande. Tunatembea tu." Kimya kidogo. Halafu tukaambiwa endeni, na tusipige kelele. Hilo jibu, hatuendi mahali, ndilo nililolibeba usiku mzima. Kuna vizazi hapa Nairobi ambavyo jibu hilo lingewapeleka ndani.

Na kabla mtu aniambie ninaosha klabu: kuna mambo hapo sikubaliani nayo. Kuna wanaotoa moto kwa ekzosi usiku wa manane watoto wamelala, kuna wanaochora duara na tairi kwa barabara ambayo mama mboga amepanga nyanya mita mbili mbele. Huo ni ujinga. Mtaa una sababu zake za kuogopa mlio wa gari, na wewe uliyezaliwa hapa unazijua.

Sasa mabishano. Tulifika Upper Hill, Nairobi imewaka chini yetu, nikapiga picha hadi betri mbili zikaisha. Wakati wa kuchagua za kuposti, chair akasema nizibe namba zote, kama kurasa zote za magari zinavyofanya. Sababu zake si mbaya. Mtu anaweza kuiga namba yako, aibe au auze bangi nayo, halafu wewe ndiye unaamshwa. Ni kweli namba mpya, zile za kuanzia KDK mwaka 2022, zimewekewa alama za kuzuia kughushi, lakini nusu ya gari zetu ni KBX na KCA. Na kuna wawili ambao wazazi hawajui wamenunua gari.

Dada wa Demio nyekundu, ambaye hufanya kazi zamu za usiku na ndiye huendesha peke yake saa hizo kuliko sisi wote, akasema hapana. Akasema Jericho imeona gari zilizofichwa namba vya kutosha, na yeye hataki picha ya gari yake ifanane na hizo. Akasema watu wa mtaa wakiona namba, wakizijua, usiku wakizisikia watasema "huyo ni wetu" na wataendelea na stori zao.

Mimi niko na yeye, na nilimwambia chair hivyo mbele ya watu wote. Picha iliyozibwa namba inamlinda mwenye gari. Namba iliyo wazi inamlinda yule aliyeketi kwa base saa tano usiku, ambaye hana gari wala klabu, na huyo ndiye hofu imemkalia tangu enzi za gari nyekundu. Chair akaniuliza gari yake ikiibiwa namba nitaenda kortini na yeye? Swali zuri. Sikuwa na jibu lake na bado naliheshimu.

Tulipiga kura hapo hapo, mikono juu, tisa kwa tano. Mtandaoni, kila mwenye gari anaamua yake. Lakini mtaani tumekubaliana hivi: nitachapisha picha moja kubwa ya gari zote 14, namba zote wazi, tuibandike kwa kinyozi na kwa duka mbili za hapa, watu wazijue. Tukirudi usiku ni vioo chini, taa ya ndani imewashwa, mwendo wa pole kuanzia sokoni. Chair amekubali, ingawa amesema Legacy yake ikae nyuma kwenye picha. Uchapishaji nimeulizia tao, saizi ya A2, tunachanga mia moja moja na bado nadai watu wanne. Wanajijua.